Protini Zinazozuia Uvimbe: Ulinzi wa Seli Dhidi ya Saratani

Kila siku ngozi, utumbo na damu hupoteza seli, na seli nyingine hugawanyika kuziba nafasi zao. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, yenye herufi zipatazo bilioni 6. Makosa hayakosekani, na moshi wa sigara au miale mikali ya jua huyaongeza. Hata hivyo, ni seli chache mno zinazogeuka kuwa saratani. Sehemu kubwa ya kinga hiyo hutokana na protini zinazozuia uvimbe. Kijitabu hiki kinaeleza mbili kati yake, p53 na RB, pamoja na mambo yanayoziangamiza, kwa sababu baadhi ya mambo hayo tunaweza kuyazuia.

p53

Katika seli yenye afya, p53 huwa kidogo, kwani huvunjwa muda mfupi baada ya kutengenezwa. DNA ikikatika, haivunjwi tena. Huongezeka haraka na kuamsha jeni nyingine. Mojawapo ya jeni hizo hutengeneza protini iitwayo p21, ambayo husimamisha mgawanyiko ili seli ipate muda wa kukarabati DNA. Uharibifu ukizidi uwezo wa kukarabatiwa, p53 huifanya seli ijiue yenyewe. Hufa kwa utaratibu, na mabaki yake humezwa na seli nyingine.

Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na kwa takribani miaka 10 watafiti waliidhania kuwa chanzo cha saratani. Mwaka 1989 ndipo ilipothibitika kwamba ile iliyokuwa ikichunguzwa maabara ilikuwa na hitilafu, na kwamba iliyo nzima huzuia uvimbe. Leo inajulikana kuwa karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika.

Hapa ndipo sumukuvu inapoingia. Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu ambayo, ikifika kwenye ini, huelekea kuiharibu jeni ya p53 mahali pale pale mara kwa mara. Mtu mwenye homa ya ini B yumo katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa muda mfupi, lakini hata kiasi kidogo kinacholiwa miaka nenda rudi kina madhara yake. Kupika hakuiondoi. Anika mazao juu ya turubai, yahifadhi pakavu, na punje zenye ukungu zitupe. Punje hizo usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupita kwenye maziwa. Hakikisha pia mtoto anamaliza chanjo zake za homa ya ini B.

RB

RB huzishikilia protini zinazoanzisha unakili wa DNA, na haiziachii mpaka seli ipate ishara halali ya kugawanyika. Jina lake limetokana na retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Mwaka 1971 daktari Mmarekani Alfred Knudson aliwalinganisha watoto waliougua jicho moja na waliougua yote mawili, akatambua jambo zito. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya RB, moja ya baba na moja ya mama, na uvimbe huanza zote mbili zikiharibika. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amebakiwa na kinga moja tu, ndiyo maana huugua mapema, mara nyingi macho yote.

Mzazi, mboni ya jicho la mtoto ikionekana nyeupe, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, mpeleke hospitali bila kusubiri. Ikigunduliwa mapema, saratani hii hutibika.

Virusi vya HPV

Virusi hivi, chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, huzishambulia protini zote mbili kwa pamoja. Protini yao ya E6 huikamata p53 na kuisababisha ivunjwe. E7 huidhoofisha RB. Jeni za p53 na RB za mwanamke aliyeambukizwa ni nzima, ila kinga haipo. HPV aina ya 16 na 18 ndizo chanzo cha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV nchi nzima mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Shirika la Afya Duniani linawalenga hasa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi. Tunajua uvumi kwamba chanjo hii huleta ugumba umewatia hofu wazazi wengi. Si kweli. Chanjo ina protini za ganda la nje la kirusi peke yake. Haina E6 wala E7, na haiwezi kuambukiza.

Aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa atakapokuwa mtu mzima: kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU, ambaye hatari yake ni takribani mara sita zaidi. Katika vituo vingi mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko ya awali mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kwa joto, na mama akarudi nyumbani.