Kijana na Wenzake

Wazazi Wakristu, mtoto aendapo shule ya bweni huagwa kwa neno hili: "Jihadhari na marafiki wabaya." Neno ni jema, ila halitoshi. Kijana wa miaka 14 aliyeacha mashamba ya alizeti ya Mtinko, mkoani Singida, akalala kati ya wageni watupu, hawezi kuishi bila rafiki. Jioni ya kwanza afanyapo ishara ya msalaba kabla ya kula, huchekwa. Jioni ya pili huifanya kwa siri. Ya tatu haifanyi tena. Moyoni hajaikana dini. Ameogopa tu kuitwa mshamba. Baadaye huitwa nyuma ya bweni aonje pombe, naye hana tena mazoea ya kukataa.

Mtakatifu Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba alikuwa shujaa wa peke yake. Sivyo hata kidogo. Alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, ambamo vijana walipata cheo kwa kumpendeza mfalme, hata kwa matendo ya aibu. Lakini walikuwapo wenzake waliosali pamoja naye, na juu yao Karoli Lwanga, kijana asiyefika miaka 30, aliyewafundisha na kuwakinga. Lwanga mwenyewe alibatizwa Novemba 1885, siku ile ile alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyemtangulia katika usimamizi huo. Nao usiku wa kuamkia hukumu, Mei 1886, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni wanne, Kizito akiwa mmojawapo. Asubuhi wale wanaosali walipoamriwa kujitenga, mtoto huyo alikuwa na watu wa kusimama nao.

Tena kuna shawishi kali kuliko kicheko, nalo ni la wale watupendao. Mbaga Tuzinde, jamaa yake Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme, alisihiwa na ndugu zake aikane imani. Alikataa. (Tusisahau kwamba katika moto ule walikuwamo na Waanglikana.)

Karipio la baba halifiki bwenini, lakini rafiki hufika. Basi kabla ya shule kufunguliwa Januari, watoto wa parokia moja waendao shule moja wakutanishwe, wajuane majina, wapatane kwenda Misa pamoja tangu Dominika ya kwanza. Kijana wa kidato cha tatu aombwe na wazazi, mbele ya katekista, awaangalie wadogo. Na mzazi aongeapo na mwanawe kwa simu, akiisha kuuliza habari za mitihani, aulize pia jina la yule anayeketi naye kanisani.