Mkwaju Mmoja Tu: Kunakili Folda kwa Amri



Wengi wetu tumezoea kunakili mafaili kwa kipanya. Katika Linux unaweza pia kuandika amri. Leo tuiangalie rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Amri hii hutajiwa kwanza folda tunakotoa, kisha tunakopeleka.

1. Kapu na maembe

Ukitumwa kupeleka kapu la maembe stoo, unaweza kuliweka kapu zima, au kuyamimina maembe ukarudi na kapu. rsync hutofautisha mambo haya kwa mkwaju (/) mwishoni mwa folda tunakotoa:

rsync -a masomo flashi/
rsync -a masomo/ flashi/

Amri ya kwanza hupeleka kapu zima: ndani ya flashi utakuta folda ya masomo. Ya pili humimina: utakuta mafaili yenyewe, bila folda hiyo.

2. Amri ya cp

Andika cp -r masomo nakala. Ikiwa folda ya nakala haipo, itaundwa na kupokea yaliyomo ndani ya masomo. Ikiwa ipo tayari, utapata nakala/masomo. Basi amri ileile ikirudiwa huleta matokeo mengine!

3. Hatari iko wapi?

Ukiiongezea rsync neno --delete, hufuta huko tunakopeleka kila kisichokuwepo tunakotoa. Tuseme flashi ya nyumbani ina picha za harusi ya dada yako. Ukiandika masomo bila mkwaju, ufutaji utaishia ndani ya flashi/masomo. Ukiweka mkwaju, flashi nzima italinganishwa na masomo, na picha zote zitafutwa. Haziendi kwenye pipa la taka la kompyuta ukaziokota baadaye.

4. Kinga

Jaribu kwanza kwa kuongeza herufi n na v:

rsync -anv --delete masomo/ flashi/

Hapo hakuna kitakachoguswa. Utaonyeshwa orodha tu. Kila jina lililotanguliwa na neno deleting ndilo litakalofutwa. Isome yote, kisha ndipo uondoe n. Majuto ni mjukuu.

Zoezi

(a) Unataka flashi iwe na folda ya masomo, na picha zibaki. Utaandika amri gani?
(b) Kwa nini cp -r ikirudiwa huweza kuzaa folda ndani ya folda?