Dawa ya Chuma

Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa akisinzia kila siku. Akipanda kilima alihema, moyo ukapiga mbio. Wenzake walimwita mvivu. Mama akampeleka kwa muganga. Muganga akafunua kope za macho yake, akatazama na viganja: vyote vyeupe. Akapima damu, akaona imepungua sana.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo zinazochukua hewa toka mapafu na kuieneza mwilini mwote. Ndani ya chembe hizo mna chuma. Ndiyo, chuma kama cha jembe! Lakini mwili mzima wa mtu mkubwa una gramu 3 au 4 tu.

Chuma cha mtoto yule kilikwenda wapi? Kililiwa na minyoo ya safura. Makinda yake hukaa katika udongo uliochafuliwa na mavi ya watu. Hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, hufika matumboni na kunyonya damu. Basi muganga alitoa dawa mbili: moja ya kuua minyoo, nyingine vidonge vya chuma. Akasema vimezwe kwa maji ya machungwa au ya ndimu, si kwa chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Siku chache baadaye choo cha mtoto kikawa cheusi. Bibi akaogopa, akataka kuvitupa vidonge. Muganga akamtuliza: ni chuma kilichobaki kinachotoka. Nguvu zilirudi baada ya majuma machache, lakini dawa iliendelea miezi 3, ili mwili upate akiba.

Vidonge hivyo viliwekwa juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mtoto mdogo akividhani vitu vitamu na kumeza vingi, aweza kufa. Apelekwe hospitali mara moja, hata akionekana mzima.

Tena, chuma si dawa ya kila upungufu wa damu. Malaria huvunja chembe. Hapo hutangulia dawa ya malaria. Wako pia watoto waliozaliwa na chembe zilizopindika kama mundu. Hao hupewa vidonge vya asidi foliki, na wengine hidroksiurea, dawa inayopunguza maumivu yao. Chuma hawapewi mpaka muganga aone katika kipimo kwamba kimepungua.

Maulizo. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa njia gani? Kwa nini bibi alitaka kutupa vidonge? Vidonge viliwekwa wapi, na kwa nini?