Kodi imechelewa, mlango umevunjwa: sheria inasemaje?

Tuseme umepanga chumba na sebule Mbagala. Kodi ya miezi sita imeisha wiki tatu zilizopita, na mwenye nyumba umemweleza wazi kwamba hela bado hujapata. Jioni unarudi kutoka kazini, unakuta komeo limevunjwa, kufuli jipya linaning'inia mlangoni, godoro na ndoo zako ziko uani. Majirani wanakupoza: ndugu yangu, vumilia, nyumba ni yake.

Nyumba ni yake kweli. Ila kwa alichokifanya, anayeweza kuitwa polisi ni yeye.

Kifungu cha 85 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mkosaji yeyote anayeingia kwa nguvu katika ardhi au nyumba ili aishike, iwe kwa kupiga mtu, kutisha au kuvunja. Kisha kinaongeza jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: haijalishi kama anayeingia hivyo ana haki ya kuingia au hana. Kwa hiyo kusema "ni mali yangu" hakumwokoi. Na wewe usifurahi kupita kiasi, maana deni lako liko palepale. Linadaiwa kwa notisi ya maandishi, na ukikaidi, kwa kukufikisha mbele ya baraza au mahakama. Halidaiwi kwa nyundo.

Kuhusu kiasi cha kodi, hapo mpangaji wa Tanzania hana ngao. Zamani tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano, na kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo si kosa. Viongozi wamekemea mara nyingi majukwaani, lakini kemeo la jukwaani si sheria, na mwenye nyumba analijua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo vuta bei, omba miezi mitatu, uliza habari za maji na choo kabla hujatoa hata senti. Dalali akishaweka mfukoni ada yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja, sauti yako imepungua.

Mkataba ukishafungwa mambo hubadilika, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inauongezea maneno ambayo hamkuyaandika. Kifungu cha 88 kinamtwisha mwenye nyumba wajibu hata kama karatasi yenu imenyamaza. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Ukipanga sehemu tu ya jengo, kama wengi wetu wa nyumba za vyumba sita, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo mnayotumia pamoja ni juu yake kuyatengeneza. Bati likivuja, usikubali kuambiwa "kanunue lami mwenyewe." Nyumba ikiungua au ikivamiwa na mafuriko bila uzembe wako, kodi inasimama, yote au sehemu yake kulingana na uharibifu, mpaka ikalike tena. Wakazi wa mabondeni na walijue hili kabla ya masika.

Halafu kuna haki ya kukaa kwa utulivu maadamu unalipa na unatimiza masharti. Mwenye nyumba kubaki na ufunguo wa akiba na kuingia chumbani kila atakapo ukiwa kazini "kukagua" kunaweza kuhesabika kuwa ni kukuvunjia haki hiyo, hata kama hakuchukua kijiko.

Kama umesaini mkataba wa miezi sita, hawezi kupandisha kodi mwezi wa tatu kwa sababu amepata mteja mwenye hela zaidi. Kama unalipa mwezi kwa mwezi, anaweza kukutoa, ila kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Nawe ukitaka kuhama unampa notisi hiyohiyo. Kutoroka usiku na kirikuu ni kuacha deni.

Makubaliano ya mdomo yasiyozidi mwaka mmoja yanatambulika kisheria. Tatizo ni ushahidi. Dai mkataba, na kila ukilipa dai maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari: "Nimepokea Sh480,000 kutoka kwa fulani, kodi ya chumba na sebule, 1 Januari hadi 30 Juni," tarehe, sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Mkataba nao ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi.

Jingine dogo linalouma: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU; kwa nyumba ya kawaida ilianza na Sh1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni Sh1,500. Anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki. Kubalianeni, tena kwa maandishi, jinsi utakavyorudishiwa au kupunguziwa kwenye pango.

Kwa upande wako: lipa kwa wakati, usimpangishe mtu mwingine bila idhini, usiharibu.

Ugomvi ukizuka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuwakalisha, na mara nyingi yanaishia hapo. Yasipoisha, nenda Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Suluhu ikishindikana, au siku 30 zikipita bila kusuluhishwa, unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mlango ukivunjwa, nenda polisi kwanza, siku hiyohiyo, na piga picha kabla vyombo havijasogezwa. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA), au kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Msaada wao haulipiwi. Beba mkataba, risiti na picha.