Siku za Kungoja Jibu la Munganga



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kaske, miwani, vumbi la mgodi na mguu uliogongwa na jiwe. Leo tutaongea juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linaingia katika nyumba ya mfanyakazi na kumfuata mpaka chini ya udongo. Ni woga wa mama aliyeona uvimbe katika ziwa lake, na sasa anangoja jibu la vipimo.

Baba, usigeuze ukurasa ukisema hii ni habari ya wamama. Utaona mbele kama sehemu yako iko humu.

Mama mmoja, bibi ya dereva wa lokomotivu, alikuja dispansere asubuhi moja, mtoto mgongoni. Wakati wa kuoga alikuwa amegusa kitu kigumu katika ziwa la kushoto, kikubwa kama mbegu ya karanga. Nilimpima, nikamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Huko walimfanyia ekografi, kisha wakamchoma sindano na kutoa kipande kidogo cha nyama, wakamwambia: «Rudi kisha majuma mawili.» Alirudi siku ileile. Jibu lilikuwa halijafika. Wakamwambia arudi tena. Njiani alifikiri hivi: «Jibu liko, wananificha. Nitakufa.» Hakurudi tena. Alifunga mizigo, akaenda kwa mama yake kijijini.

Bwana yake alibaki na watoto wakubwa. Usiku halali, mchana halali. Kisha siku chache, katika posti ya usiku, alipita taa nyekundu na lokomotivu yake. Mungu alisaidia, njia ilikuwa wazi. Miezi mitatu baadaye jibu lilionekana katika faili hospitalini: adenofibroma. Maana yake, uvimbe usio kansere.

Katika habari hii kosa la kwanza ni langu. Nilimpa mama yule karatasi, sikumpa maneno. Sikumwambia vipimo vinafanywa namna gani, wala sababu gani jibu linakawia. Mtu asiyeelezwa anajieleza mwenyewe, na usiku mtu hajielezi mambo mazuri.

UVIMBE SI JINA LA KANSERE

Mama, shika neno hili la kwanza: sehemu kubwa ya uvimbe wa ziwa si kansere. Msichana na mama kijana mara nyingi wana adenofibroma, kitu cha mviringo kinachoteleza chini ya kidole. Mama wa miaka 35 mpaka 50 anaweza kuwa na kifuko cha maji, ambacho munganga anakitoboa kwa sindano, maji yanatoka, kinalala. Mama anayenyonyesha anaweza kupata jipu, lenye joto na maumivu. Wengine wanagusa ugumu kabla ya kwenda mwezini, kisha unapotea.

Lakini neno la pili linakwenda pamoja na la kwanza. Kwa mkono peke yake hakuna mtu anayeweza kujua, hata mimi, hata munganga mkubwa. Usiseme «haiumi, basi si kitu», kwani kansere nyingi za ziwa haziumi mwanzoni. Usiseme «mimi ni kijana bado», kwani katika Afrika wamama wengi wanapata ugonjwa huu kabla ya miaka 50. Hata wanaume wanaupata, ingawa ni wachache: kati ya wagonjwa 100 wa kansere ya ziwa, mwanaume hapiti mmoja. Ndiyo maana tunapima.

SABABU GANI JIBU LINAKAWIA

Hapa nitakaa kidogo, kwani hapa ndipo woga unapozaliwa.

Watu wengi wanafikiri kipande cha nyama kinatazamwa palepale, kama vile tunavyotazama tone la damu kwa kutafuta malaria. Hapana. Nyama iliyotolewa inawekwa kwanza ndani ya formoli, dawa ya kuzuia isioze. Inakaa humo saa nyingi, mara kwa mara usiku mzima au zaidi. Kisha inapitishwa katika alkoli ili maji yote yatoke, halafu inazamishwa ndani ya parafini, ambayo ni kama nta ya mshumaa. Ikiwa ngumu, fundi anaikata kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba kuliko unywele wa kichwa mara kumi na zaidi. Anaviweka juu ya kioo, anavitia rangi ya zambarau na ya pinki. Ndipo munganga mwenye elimu ya kazi hiyo anatazama kwa mikroskopi.

Wanganga wa kazi hiyo ni wachache katika Kongo. Basi mara nyingi kichupa kinasafiri, kwa gari au kwa ndege, mpaka mji mwingine. Na kama munganga anataka kujua zaidi, anaomba rangi nyingine za pekee, na hizo zinaongeza siku.

Wewe mfanyakazi wa kiwanda unaelewa jambo hili kuliko wengine. Jiwe likitoka mgodini halijulikani papo hapo lina shaba kiasi gani. Linapelekwa laboratwari, linasagwa, linapimwa. Hakuna anayesema: «Wamekawia, basi jiwe ni baya.» Na jibu la ziwa ni hivyo. Jibu zuri linapita njia ileile na jibu baya, na siku zilezile. Kukawia si ishara.

Je, kungoja kunaongeza ugonjwa? Kwa kawaida uvimbe hauanzi jana. Kama ni kansere, imekuwa ikikua miezi, pengine miaka, kabla ya kidole kuigusa. Majuma mawili au matatu ya kungoja kwa kawaida hayageuzi mambo. Miezi mingi inayageuza. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilianza mwaka 2021 mpango wake juu ya kansere ya ziwa, na ndani yake limeweka kipimo hiki: tangu mama anapofika mara ya kwanza mpaka jibu kamili, zisipite siku 60. Shika hesabu hiyo. Kabla ya hapo, ngoja na kuulizia. Ukiona siku 60 zinakaribia bila jibu, usingoje tena, simama na kudai.

Tena kuna neno linalotembea katika miji yetu: «Sindano inaamsha ugonjwa, chuma kikigusa kansere inatapakaa.» Nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Si kweli. Mama anafika hospitali ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa, anachomwa sindano, anakufa baadaye, na watu wanashitaki sindano. Kilichomuua ni miezi iliyotangulia.

KAZI YA KUNGOJA

Woga wenyewe si upumbavu. Ni mwili unaojitayarisha kupigana na kitu ambacho hakijafika. Moyo unapiga mbio, tumbo linaharibika, bukari haishuki, kichwa kinauma. Mama anaanza kusema: «Unaona, ugonjwa umefika tumboni.» Si ugonjwa, ni woga. Nimeona wamama wengi wakipungua kilo katika majuma ya kungoja, na kilo zile kurudi kisha jibu zuri.

Usiku ndio mgumu zaidi. Saa nane ya usiku mawazo yanakuwa makubwa kuliko nyumba. Ukiona usingizi umekimbia, usibaki kitandani ukipigana nao. Amka, kaa kwenye kiti, vuta pumzi polepole ukihesabu mpaka 4, itoe polepole zaidi ukihesabu mpaka 6, fanya hivyo dakika kumi. Watu wananicheka ninapowafundisha hivyo, kisha wanarudi kuniambia kama inasaidia.

Na mikono iache ziwa. Kuna wamama wanaogusa uvimbe mara ishirini kwa siku ili kujua kama umeongezeka. Nyama inayofinywa-finywa inavimba na kuuma, na mama anaamini ugonjwa unakimbia. Munganga amekwisha kuupima na kuandika ukubwa wake. Inatosha.

Jambo lingine nililolijaribu na wagonjwa: upe woga saa yake. Kwa mfano saa kumi ya jioni, nusu saa. Kaa na kalamu, andika yote unayoogopa na yote unayotaka kuuliza. Asiyejua kuandika amwambie mtoto mkubwa au dada yake amwandikie. Nusu saa ikiisha, funga daftari, washa makala, pika. Wazo likirudi usiku, liambie lingoje kesho saa kumi. Halitatii kila mara. Lakini maswali yatakuwa yameandikwa, na siku ya munganga hutayasahau.

Chagua mtu mmoja au wawili wa kuwaambia: bwana yako, dada yako, mama mwenye moyo mtulivu. Usipeleke habari kwenye robine ya maji. Huko kila mmoja ana shangazi aliyekufa kwa ziwa, na waliopona hakuna anayewataja. Endelea na kazi yako, shamba lako, biashara yako ya sokoni. Kama unanyonyesha, endelea. Munganga akitaka uache atakuambia mwenyewe. Kusali ni vizuri, na mchungaji mwema atakuambia usali na urudi kuchukua jibu.

Vitu vinavyoharibu: lutuku ya kutafuta usingizi, maana inalaza saa mbili na kuamsha na woga mara mbili. Vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa sokoni bila munganga. Na zaidi ya vyote, chale na majani ya moto juu ya ziwa. Ngozi inaungua, kidonda kinaingia usaha, na munganga akitazama hajui tena kama anaona ugonjwa au dawa. Siwatukani wazee wetu. Nasema tu: ziwa linalongoja jibu lisiguswe.

Kuna mambo ambayo hayangoji siku ya rendevu. Homa pamoja na ziwa jekundu, damu inayotoka katika chuchu, chuchu inayoingia ndani, ngozi inayokuwa kama ganda la chungwa, kidonda, au uvimbe mpya katika kwapa: rudi upesi. Vilevile kama hulali kabisa, huli siku nyingi, au wazo la kujiua linakuja. Hili la mwisho wamama wanalificha kwa haya. Kwetu dispansere hakuna haya, ni ugonjwa kama mwingine na tunausaidia.

SASA, BABA

Mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye nusu gramu ya alkoli katika litre moja ya damu. Watu waliopimwa ndivyo walivyoonekana. Huwezi kushuka mgodini ukiwa umekunywa, unajua. Lakini unashuka hujalala usiku tatu, na hakuna anayekunusa mdomo. Yule dereva wa lokomotivu hakuwa mlevi, alikuwa bwana mwenye kupenda bibi yake.

Basi mwambie shefu wako wa posti. Si lazima utaje ugonjwa wa bibi. Sema: «Shefu, nina mgonjwa nyumbani, sikulala, niweke mbali na mashine leo.» Na ninyi mashefu, mtu akisema hivyo, msimcheke. Kumpa fagio siku moja ni bei ndogo.

Nyumbani usianze kuuliza nani amemloga, wala usiite baraza la ukoo kabla jibu halijafika. Nenda naye hospitali. Bwana akikaa kwenye benchi pamoja na bibi yake, hata sisi wauguzi tunaeleza vizuri zaidi, naungama hilo. Na usimwambie «usiogope». Mwambie: «Tutaenda pamoja siku fulani.»

SIKU YA JIBU

Asiende peke yake, kwani mtu mwenye woga anasikia neno la kwanza tu, mengine yanapita. Atakayemsindikiza ndiye atakayekumbuka. Achukue daftari la maswali. Matatu yasikose: uvimbe huu unaitwaje? Kuna kipimo kingine? Nirudi siku gani, kwa nani? Aombe nakala ya karatasi na kuitunza pamoja na kitambulisho chake, kwani faili hupotea.

Jibu likiwa si kansere, bado afuate siku za kutazamwa tena. Jibu likiwa ni kansere, asitoke hospitalini kabla ya kujua tarehe ya kuanza matibabu: upasuaji, dawa za mshipani, au nyingine. Ugonjwa uliokamatwa ukiwa mdogo unatibiwa, na wako wamama wanaopika sombe leo miaka mingi baada ya jibu kama hilo.

Mama wa habari yetu alirudi kutoka kijijini, bwana yake ndiye aliyekwenda kumchukua na karatasi mkononi. Tangu wakati ule, nikimtuma mgonjwa hospitali naandika nyuma ya karatasi mambo mawili: siku ambayo jibu linatakiwa kufika, na mtu wa kumuuliza. Kama umefika siku hiyo na jibu haliko, usirudi nyumbani kwanza. Pita dispansere, nitapiga simu mbele yako.