SOMO LA MWEZI: WAGENI WALIOJENGA KWETU



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wakubwa wa Ikulu tu: kwa nini taifa kubwa humsaidia mdogo? Hatuna haja ya kwenda mbali. Mifano ipo hapa hapa Kibaha na Kisarawe.

Wako wataalamu wa siasa waitwao wanauhalisia. Hao husema kwamba juu ya mataifa hakuna serikali yenye askari wa kuyalazimisha. Kwa hiyo kila taifa hujilinda lenyewe, na lenye nguvu hutafuta nguvu zaidi. Hans Morgenthau alifundisha hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1948. Kabla yake, mwaka 1932, Reinhold Niebuhr, aliyekuwa mchungaji mjini Detroit kwa miaka 13, alieleza kwamba mtu mmoja aweza kujinyima kwa ajili ya jirani, lakini taifa zima ni vigumu sana. Maneno machungu, hasa yakitoka kwa mchungaji.

Tutazame reli ya TAZARA ipitayo Kisarawe. Zambia ilitaka kupitisha shaba yake bila kutegemea Rhodesia ya Ian Smith. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema reli haitalipa. China, nchi maskini wakati ule, ilikubali mwaka 1967. Ilitoa mkopo usio na riba, na sehemu ya gharama za ujenzi ikapatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani mwetu. Kilomita 1,860 zikajengwa, na reli ikakabidhiwa Julai 1976.

Je, ulikuwa ukarimu mtupu? China ilikuwa imekosana na Marekani, na Urusi pia, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Taiwan. Tarehe 25 Oktoba 1971 kiti hicho kilikwenda Beijing kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim. Naye alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo mwaka 1981, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu. Wakubwa hawasahau upesi.

Hata hivyo tusimeze kila neno la wanauhalisia. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mapatano ya mwaka 1963 na Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Walijenga shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, wakatukabidhi mwaka 1970. Iceland ilitafuta ufalme gani Kibaha? Tena mdogo naye ana kauli. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wa kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao.

Mwaka 2022 ilifunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha, shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China; ni ya vyama sita vilivyopigania uhuru kusini mwa Afrika, CCM kikiwamo. Septemba 2024, huko Beijing, China, Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Marekani nayo inaunga mkono reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, ili shaba ile ile ipite magharibi.

Swali la kujadiliana: mgeni akijenga kwako kwa faida yake, na wewe ukapata njia, ni lipi la kumwuliza kabla ya kutia saini?