DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Umefukuzwa kazi? Usisubiri Idi



Mwaka jana baada ya alasiri alinifuata ndugu mmoja wa hapa hapa msikitini. Alikuwa mlinzi, miaka mitatu kamili sehemu moja, analipwa kwa mwezi. Siku moja kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama akapigiwa simu: kesho usije, tumepata mtu mwingine. Barua hakupewa, kosa hakuambiwa. Akajisemea moyoni, ngoja nifunge kwanza, huu si mwezi wa kugombana na watu. Idi ikapita. Akafunga na Sita. Akaenda kwa bosi mara mbili, mara zote jibu ni "njoo wiki ijayo". Aliponifuata mimi ulikuwa mwezi wa nne tangu ile simu, na akasema, "Ustadhi, mimi nimemwachia Mungu."

Nilinyamaza kidogo, maana neno lenyewe ni zuri. Lakini hebu tupige hesabu.

Huku Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria yao), mtu anayeona ameachishwa kazi kwa dhuluma anapeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA. Muda wake ni siku 30 tangu alipoachishwa. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, ni siku 60. Siku 30, ndugu yangu, ni Ramadhani moja! Aliyefukuzwa mwezi unaandama akasema "nitashughulikia baada ya mfungo", akija kuvua kanzu ya Idi muda umekwisha. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda, lakini utaulizwa kwa nini umechelewa, na "nilikuwa nasubiri bosi atulie" ni sababu dhaifu. Yule ndugu yetu hakuwa na nyingine.

Wengi wetu tunadhani kudai ni utovu wa subira. Si hivyo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) ngamia wake, tena kwa maneno makali, mpaka masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawaambia mwenye haki ana neno la kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Kama aliyemdai Mtume mwenyewe aliachwa aseme, wewe unaona haya kumdai mwenye godauni?

Tena soma Surat al-Qasas, pale Nabii Musa (a.s.) anapofika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Mzee wa pale anataka kumuajiri. Angeweza kumwambia "wewe kaa tu, tutaelewana". Lakini aya ya 27 na 28 zimetaja kila kitu: muda ni miaka minane, ukitimiza kumi ni hiari yako, sitaki kukutaabisha. Na Musa naye akaweka sharti lake, kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asidaiwe zaidi, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi. Mkimbizi mwenye njaa, na bado makubaliano yake yako wazi kuliko ya dada anayetupikia futari majumbani mwetu.

Hapo sasa nageukia sisi tunaoajiri, maana tupo wengi, na wengine tuko safu ya mbele. Dada wa kazi anaamka saa tisa usiku kuandaa daku, saa kumi na mbili jioni bado yuko jikoni. Akivunja chupa ya chai, tunamkata mshahara. Unajua sheria inasemaje? Huwezi kumkata kwa ajili ya kitu kilichoharibika mpaka iwe ni kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, usizidishe thamani ya kitu chenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa chupa ya chai! Nadhani ni nafuu kununua nyingine. Na tusijidanganye kwamba tende tunazogawa msikitini zinafuta mshahara wa mwezi wa pili tuliouzuia. Sadaka ni yako, mshahara ni wake. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemtumikisha mtu, akapata kazi yake yote, kisha asimpe ujira.

Turudi kwa yule mlinzi, tuone alichokiacha. Anayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi yake si chini ya siku 28, au alipwe badala yake. Kiinua mgongo ni si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Kwa miaka mitatu ni siku 21. (Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati hiki.) Ongeza likizo ambayo hakuchukua na siku alizofanya kazi bila kulipwa. Juu ya hayo, mwajiri alitakiwa awe na sababu ya halali na amsikilize kabla ya kumwondoa, kwa sababu alishavuka miezi sita kazini. Simu ya "kesho usije" haina hata kimoja kati ya hivyo.

Alichoniambia kingine ni kwamba hakuwa na mkataba wa maandishi, ndiyo maana aliogopa. Hii hofu wanayo wengi. Kuandika mkataba na maelezo ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Mkifika kwenye shauri akashindwa kuutoa, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wewe leta meseji za mshahara kwenye simu, kitambulisho cha kazi, na mwenzako aliyekuwa zamu moja nawe. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampelekea mwajiri, hulipi ada. Kinachoanza ni usuluhishi, mnakaa mezani mpatane. Migogoro mingine inaishia hapo hapo, watu wanapeana mikono.

Leo baada ya tarawehe nitakaa baraza ya nyuma, upande wa kutawadhia. Aliyeachishwa kazi mwezi huu au uliopita aje, hata kama anaona aibu. Njoo na simu yako, na njoo na tarehe uliyoambiwa usirudi. Tarehe hiyo usiikadirie.